Siku Nyumba ya Kiponda Ilipokaguliwa

Mkiambiwa nyumba zenu zitakaguliwa kabla hamjaruhusiwa kulea watoto wa watu, msianze na chokaa. Najua mkono utakimbilia ndoo na brashi, maana ukuta mweupe unampendeza kila anayeingia. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana habari na ukuta. Pigeni magoti kwanza, wanangu. Tambaeni nyumba nzima, kutoka ukumbini mpaka uani, macho yenu yawe pale yalipo macho yake. Mtauona msumari uliochomoza chini ya kitanda, mtaiona chupa ya mafuta ya taa nyuma ya mlango wa jiko, na ncha ya mkeka iliyofumuka, ambayo mtoto hataki kingine ila kuitia kinywani. Nyumba mliyokaa miaka yote itakuwa ngeni kwenu.

Mimi nilianza na chokaa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nikikaa Kiponda, katika nyumba ya mawe ya marehemu baba yangu. Mungu hakunijaalia mtoto, lakini nyumba yangu haikukosa kilio cha mtoto. Wa kwanza alikuwa Tima. Mama yake, Mize, alikuwa akienda kuchagua karafuu kwenye maghala ya Malindi, pale bandarini, na hakuwa na mtu wa kumwachia. Asubuhi moja nilipita chini ya dirisha lao nikasikia kilio kilichokwisha nguvu, kile cha mtoto ambaye hatazamii tena kuitikiwa. Nikasukuma mlango. Tima alikuwa amefungwa mguu kwa kanga kwenye tendegu la kitanda, na mbele yake kibakuli cha uji kilichopinduka.

Msimlaani Mize. Angemwacha huru, mtoto angetoka njiani. Angekaa naye, wote wawili wangelala na njaa. Nilimfungua nikamchukua kwangu, na jioni mama yake alipokuja kumtafuta, analia kabla hajaingia, nilimwambia, "Kesho mlete mwenyewe. Hiyo kanga jifunge wewe."

Baada yake wakaja wengine, mpaka wakawa sita.

Halafu katika mtaa mwingine wa mji, mtoto aliyeachwa kwa mwanamke mmoja alitumbukia katika birika la maji la uani. Sitaki kulisimulia hilo. Haukupita muda mrefu, watu wa afya wakatangaza kwamba kila anayelea watoto wa watu nyumbani kwake sharti nyumba yake ikaguliwe na aandikishwe, na atakayekataliwa awarudishe watoto kwa wenyewe. Wenzangu walilalamika mambo mengi. Mimi nililiona jambo moja tu: nikikataliwa, Tima anarudi kwenye tendegu.

Sasa niwajuulishe na Bi Zuwena, jirani yangu wa ukuta mmoja. Alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake, nami nikiwamo. Aliposikia nyumba itakaguliwa, aliingia kwangu na chetezo cha kufukizia udi mkono mmoja na foronya zilizotariziwa mkono wa pili.

"Mgeni anakuja, Rukia. Nyumba iwe ya mgeni."

"Bibi, wanakuja kutazama nyumba ya watoto."

"Na nani atakayeitazama? Si mtu? Mtu hukaribishwa."

Basi tukaikaribisha serikali. Tulipaka chokaa, tukatandika mikeka ya shughuli, tukaazima zulia. Vyombo vya watoto tulivisukuma stoo, mikeka yao ya kulalia tukaikunja tukaificha darini, maana mmoja ulikuwa na madoa. Siku yenyewe ilipofika, tangu asubuhi udi ulifuka mpaka watoto wakaanza kupiga chafya. Bi Zuwena akatoka uani, amesimama mikono kiunoni, akasema, "Hapa hata Sultani anakaa." Kisha akarudi kwake kukaanga maandazi.

Nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba atakuja Mzungu mwenye kofia. Hodi ilipopigwa nilifungua nikamkuta mwanamke wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu, amevaa buibui, mfuko wa ngozi begani, uso mkunjufu lakini macho hayatulii. Jina lake Bi Sharifa, katumwa na watu wa afya. Alivuta pumzi mlangoni.

"Udi huu mnafukiza kwa heri, au mnafukuza harufu?"

Nikacheka peke yangu. Nikamwambia kahawa iko tayari.

"Kahawa baadaye, dada. Mtu akishakunywa kahawa ya mtu, macho yake yanaona haya."

Akavua viatu, akavua buibui akalikunja vizuri, akapiga magoti. Wallahi, mtu mzima, na gauni lake jeupe la kazi, akatambaa ukumbi mzima! Nami nikatambaa nyuma yake, sijui kwa nini, nadhani niliona si adabu yeye atambae mimi nisimame. Chini ya kitanda akatoa kisu changu cha jikoni kilichopotea tangu mfunguo mosi, mwezi wa Idi. Alikiweka juu ya kabati, akaendelea.

Jikoni alinyanyua chupa.

"Hii ilikuwa chupa ya nini?"

"Ya soda ya ndimu."

"Na sasa?"

"Mafuta ya taa."

"Mtoto ataambiwa na nani kwamba si soda tena?"

Tukafika uani, penye birika. Hapo nilijiona nimejitayarisha, maana fundi alinitengenezea kifuniko kipya cha mbao, kimerandwa, kinanukia. Bi Sharifa alikitazama, akakiinua kwa vidole viwili, akakirudisha.

"Mimi nimetumia vidole viwili. Mtoto wa miaka minne ana kumi."

Nakwambieni, jasho lilinitoka, na hakukuwa na jua pale uani. Akauliza watoto wanalala wapi mchana, nikamjibu mikeka iko darini. Akauliza kwa nini iko darini. Mtu aliyekuja kuona watoto wanaishi vipi, nimemfichia kila kitu cha watoto! Lakini hakuwa mkali. Alisema, "Haya yote yanatengenezeka. Nioneshe watoto."

Walikuwa chumba cha ndani, wamekaa juu ya zulia la kuazima, wamekatazwa kusogea. Aliwatazama mmoja mmoja, masikio, kucha, matumbo. Akageuka.

"Uliniambia unalea wangapi?"

"Sita."

"Hawa ni watano."

Nikawatazama. Nikawahesabu. Tima hayumo.

Kuna hofu inayompigisha mtu kelele, na kuna hofu inayomnyamazisha. Yangu ilininyamazisha. Nilitoka mbio mpaka uani, nikakitupa kile kifuniko, nikatia mkono birikani mpaka begani, ninapapasa chini, maji yananiingia kifuani. Vidole vikagusa kitu laini. Nikakivuta. Kitambaa cha kuoshea vyombo. Nikatia mkono tena. Nyuma yangu nikamsikia Bi Sharifa anapanda ngazi, anaita jina ambalo alilisikia kwangu mara moja tu, nilipomtajia watoto wangu, "Tima! Tima, mama!" Watoto wale watano wakaanza kulia wote kwa pamoja, kama walioambiwa.

Nikakimbilia mlango wa uani. Ulikuwa wazi. Nje ni kichochoro, na kichochoro kinatokea njia ya soko, yenye mikokoteni na baiskeli. Nikasimama pale, maji yananichuruzika, sijui niende kulia au kushoto.

"Mbona umeroa hivyo, mwanangu? Mgeni keshafika?"

Bi Zuwena alikuwa anakuja taratibu, Tima kiunoni mwake. Ameogeshwa, amepakwa mafuta ya nazi, amesukwa, ametiwa wanja, na andazi mkononi.

Nilimpokonya. Ndiyo, nilimpokonya, mtoto akashtuka akaangusha andazi.

"Nimemchukua tu nikamwoshe," alisema Bi Zuwena. "Alikuwa na kamasi. Ungemwonesha mgeni mtoto mwenye kamasi?"

Na hili lazima niwaeleze, nyinyi mnaokaa ghorofa za Michenzani, na wengine hata jina la jirani wa mlango wa pili hamlijui. Kwetu, mtoto hakuwa wa mtu mmoja. Jirani akiingia akamkuta mchafu, atamwosha. Akimkuta ana njaa, atamlisha kwake, na utamjua alipo kwa kusikia kicheko chake upande wa pili wa ukuta. Hakuna aliyeomba ruhusa. Kuomba ruhusa kungekuwa kumwambia mwenzako kwamba nyumba yake na yako ni mbili. Bi Zuwena hakufanya kosa lolote. Alifanya lile lililofanywa na mama yake na mama wa mama yake.

Bi Sharifa alishuka ngazi, mkono kifuani, anahema. Alipomwona Tima alikaa juu ya kipandio cha mwisho. Kisha akamsalimu Bi Zuwena kwa heshima zote, Bi Zuwena akaitikia. Halafu akaniambia mimi, kwa sauti ya chini:

"Hukujua alipo."

"Ni jirani yangu, bibi. Ni kama mama."

"Najua ni jirani, nami nina majirani. Lakini ulipotia mkono birikani, hukumfikiria jirani. Ulimfikiria maiti."

Hakunikataa, na hakunikubali. Alisema atarudi, na siku hataitaja. Birika lifungwe. Mafuta yawekwe juu, na yasitiwe tena katika chupa ya kinywaji. Mikeka ishuke. "Na mtoto asitoke humu ndani ila kwa mkono uliomleta. Mama kamleta, mama amchukue. Nikirudi nikakuta hilo halijashikwa, nitakukataa, na nitaumia."

Birika lilikuwa rahisi. Nilimwita fundi akalitia kifuniko cha mvule chenye komeo, kizito mpaka mimi mwenyewe nilikiinua kwa kuugulia. Ngazi za nyumba zetu za mawe, mnazijua, zimesimama kama ukuta. Akanitengenezea kijilango kwa mbao za makasha ya chai, na nikamkataza kuweka ubao uliolazwa katikati, maana kwa mtoto ubao uliolazwa ni kipandio. Chukueni hilo. Lililo gumu lilikuwa kwenda nyumba ya pili.

Nilimkuta Bi Zuwena anachambua mchele. Nikamweleza polepole, nikamwambia ni sharti la watu wa afya, si langu.

"Kwa hivyo mimi mwizi wa watoto."

"Si hivyo, bibi."

"Kitovu chako nimekikata mimi, Rukia. Mama yako alipokuwa na homa ya uzazi, ulilala kifuani pangu. Hakuna aliyeniuliza nimekuchukua wapi."

"Najua."

"Basi kama unajua, nenda."

Nilimpelekea mkate wa kumimina, kuomba radhi. Sahani ilirudi siku ya pili. Ilirudi imeoshwa, inang'ara, tupu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama mtu hana kitu atatia ndimu mbili au kipande cha sukari guru. Niliishika ile sahani mkononi nikakaa nayo muda mrefu.

Tangu hapo ukuta wetu ukawa ukuta kweli. Sikumwona. Na mimi nikawa sijui Bi Sharifa atatokea lini, kila hodi ikipigwa nawatazama watoto kwanza kabla sijafungua. Kazi ya peke yangu ilinichosha. Zamani ningemwita Bi Zuwena anishikie mmoja, sasa nilikuwa naye huyu mgongoni na yule mguuni. Lakini hofu ilinifunza mambo, na yale niliyoyashika siku zile niliishi nayo mpaka nilipostaafu.

Asubuhi, mpokee mtoto mama yake akiwa bado mlangoni, umtazame mbele yake: macho, masikio, tumbo, mwili kama una joto. Kama ana mchubuko, uonwe na nyote wawili, jioni pasiwe na ugomvi. Pika mapema kabla hawajafika, seredani ya mkaa iwe imeshazimwa. Na msiwahesabu watoto kwa macho, macho huhesabu mmoja mara mbili. Waiteni kwa majina, kila mmoja aitikie "Naam," na asiyejua kusema ashikwe kichwa. Mtoto aliyenyamaza ghafla ana kitu kinywani. Nilimpata mmoja na kifungo cha shati la baba yake, ameking'ang'ania ulimini kama tende, ananitazama kwa macho ya mtu mwema.

Na lile la mkono uliomleta, msilione ni ukaidi wa wakaguzi. Miaka mingi baadaye alinijia mwanamme, kanzu safi, maneno mazuri, jina la mtoto analijua na la mama yake analijua. Akasema katumwa. Nikamwambia akae barazani amngoje mama. Alikaa kidogo, akaondoka. Mama aliporudi akasema hamjui. Mpaka leo sijui alikuwa nani.

Lakini siku zile nilikuwa sijapata ushahidi huo. Nilikuwa na sahani tupu tu.

Bi Sharifa alirudi wakati mbaya kuliko wote, adhuhuri, watoto wanakula. Wali uko sakafuni, wali uko kwenye nywele, mmoja amekaa juu ya chungu chake anaimba. Hakuna udi. Nikamfungulia na mwiko mkononi. Alipita kila mahali. Alilishika komeo la birika, akajaribu kukiinua kifuniko, akashindwa, nikamwona anatabasamu kwa upande mmoja. Akaifungua stoo, akatazama juu yalipo mafuta. Akahesabu mikeka. Kisha akaniambia, "Waite." Nikawaita. Wakaitika wote, sauti zimejaa wali.

Hapo ndipo tuliposikia kutoka mlango wa uani:

"Hodi."

Sikuijua sauti ile mara moja, maana neno lile sikupata kulisikia kwake. Nilifungua. Bi Zuwena amesimama nje ya kizingiti, beseni la maji kichwani, taulo begani. Kumwona anangoja pale kama mgeni kuliniuma kuliko lolote aliloniambia.

"Karibu, bibi."

"Sikai. Joto kali leo. Nimekuja kumchukua Tima nikamwoshe."

Tima alikwishamwona, anajikongoja kumwendea, mikono juu. Bi Sharifa alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilijua anatazama nini. Nikimtoa mtoto, kesho yuko kwenye tendegu. Nikimnyima, nimemvunjia uso mwanamke aliyenitia duniani, mbele ya mgeni, naye kaja mwenyewe, kapiga hodi.

Nilimshika Tima mkono.

"Siwezi kukupa, bibi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Kaletwa na mama yake."

Alinitazama. Maji ya beseni yalikuwa yanatikisika, yanammwagikia begani, naye hayafuti. Nikasema moyoni, sasa atageuka, na akigeuka leo ndiyo basi. Akalishusha beseni kichwani.

"Basi nipishe," alisema. "Kama mtoto hatoki, maji yataingia."

Akapita ubavuni mwangu mpaka katikati ya ua, akaliweka beseni chini, akakaa, akamvua Tima gauni. Ndipo alipomwona Bi Sharifa.

"Shikamoo, bibi," alisema Bi Sharifa.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyenifukuza?"

"Ndiye mimi."

"Haya, usikanyage wali huo, utateleza. Nipe sabuni."

Bi Sharifa akampa sabuni. Alimtazama akimwosha Tima, nyuma ya masikio, baina ya vidole, kwa mikono iliyoosha nusu ya mtaa. Kisha akaniuliza, "Watoto sita, na wewe peke yako. Akiungua mmoja ukimpeleka hospitali, watano anabaki nao nani?"

Hilo sikulifikiria.

"Andika wawili," alisema Bi Zuwena, bila ya kuinua kichwa. "Mimi si nawaosha hapa? Sitoki mpaka mama zao warudi."

"Basi nitakuandikisheni nyote wawili," alisema Bi Sharifa.

Jioni Mize alikuja kutoka Malindi, nguo zinanukia karafuu, uso umechoka. Nilitaka kumkimbilia nimpe habari, lakini Bi Zuwena alinitangulia mlangoni, Tima kiunoni, na mkono wa pili ameuweka kwenye mwimo wa mlango.

"Wewe nani wake?" alimwuliza.

Mize akacheka. "Bi Zuwena, jamani, mimi Mize! Hunijui leo?"

"Nnakujua. Sema."

"Mama yake."

"Haya," alisema Bi Zuwena, akamtia mtoto mikononi. "Mchukue."